Muhula Uliokatwa Katikati

Odessa ni mji wa mafuta magharibi mwa Texas, kwenye uwanda mkavu wa Permian Basin. Bei ya mafuta ikipanda, kijana anayejua kuendesha lori anaweza kulipwa vizuri kuliko mkufunzi aliyemfundisha hesabu. Ikishuka, yeye ndiye wa kwanza kupunguzwa kazini. Mji huo una chuo cha jamii, Odessa College, na mwaka 2014 chuo hicho kilifanya jambo ambalo ukilitazama kwa nje ni dogo mno: kiliukata muhula katikati. Mwanafunzi aliyezoea kusoma masomo manne kwa wiki 16 akaanza kusoma mawili kwa wiki 8, akayamaliza, akafanya mtihani, kisha akaingia mengine mawili kwa wiki 8 zilizobaki. Mwaka huohuo, Trident Technical College ya South Carolina nayo ikageukia vipindi vya wiki 7. Amarillo College, kaskazini mwa Texas, ikafuata njia hiyohiyo, na baada yake vyuo vingine kadhaa vya Marekani.

Wanaoyasifu mabadiliko haya husifu ufupi wa muhula. Mimi naona sifa inastahili kwenda kwingine: kwenye uchache wa masomo anayobeba mwanafunzi kwa wakati mmoja, na kwenye udogo wa hasara pale maisha yanapomwangusha. Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu chuo kinaweza kufupisha muhula na bado kikamwacha mwanafunzi palepale alipokuwa, au pabaya zaidi.

Kwanza tumfahamu mwanafunzi mwenyewe. Chuo cha jamii cha Marekani hutoa masomo ya miaka miwili ya mwanzo ya shahada, pamoja na mafunzo ya kazi kama uuguzi, uchomeleaji na ufundi wa magari. Cha kwanza cha umma kilianzishwa Joliet, Illinois, mwaka 1901. Jina na wazo lenyewe vilienea baada ya tume ya Rais Truman kutoa ripoti yake mwaka 1947, ikitaka elimu ya juu imfikie raia pale anapoishi. Leo vyuo hivi ni takriban elfu moja. Ada yake ni nafuu, mlango wake u wazi kwa karibu kila mwombaji, na wanafunzi wake walio wengi hawasomi kutwa nzima. Wana kazi. Wana watoto: kwa Marekani nzima, takriban mmoja kati ya kila wanafunzi watano wa shahada ya kwanza ni mzazi, na wengi wa wazazi hao utawakuta kwenye vyuo vya namna hii. Miongoni mwao wamo ndugu zetu pia, Wakongo waliofika kama wakimbizi, Wakenya na Watanzania waliokwenda kwa viza ya masomo, wanaotoka shifti ya usiku na kuingia darasani asubuhi.

Kalenda waliyoikuta haikutungwa kwa ajili yao. Ilitungwa kwa kijana wa miaka 18 anayelala bwenini, anayelipiwa na wazazi, na ambaye shughuli yake kubwa ni kusoma. Nayo si msahafu. Hadi miaka ya 1960 vyuo vingi vya Marekani vilimaliza muhula wa kwanza mwezi Januari, hivyo wanafunzi walikwenda kula Krismasi huku mitihani ikiwangoja. Vyuo vikachoka na hali hiyo, vikasogeza mwanzo wa muhula nyuma hadi Agosti ili mitihani iishe kabla ya sikukuu, na katika muda wa miaka kama kumi hivi karibu kila mtu akawa amesahau kwamba iliwahi kuwa vingine. Ninalitaja hili kwa sababu kila chuo kinapopendekeza kugusa kalenda, hutokea mtu wa kusema kwamba wiki 16 ndizo elimu inazohitaji.

Elimu inahitaji saa, na saa zinahesabika. Kwa kanuni ya serikali kuu ya Marekani, krediti moja ni kama saa moja ya darasani na saa mbili za kujisomea, kila wiki, kwa wiki zipatazo 15. Somo la kawaida lina krediti 3. Kwa hiyo linadai saa 9 kwa wiki, na jumla yake ni kama saa 135. Masomo manne ni saa 36 kwa wiki. Sasa chukua somo lilelile ulifundishe kwa wiki 8: saa 135 ukigawa kwa 8 unapata karibu saa 17 kwa wiki. Masomo mawili ni saa 34. Mzigo wa wiki haukupungua kwa maana yoyote ya kujivunia. Kilichobadilika ni kwamba mwanafunzi ana walimu wawili wa kuwaridhisha badala ya wanne, vitabu viwili badala ya vinne, na tarehe za kukabidhi kazi ambazo mtu mwenye watoto wawili anaweza kuzikariri bila kuziandika.

Hili la wingi wa masomo hudharauliwa na watu waliosoma wakiwa hawana shughuli nyingine. Anayesoma masomo manne akitoka kazini hatumii nguvu zake kwenye kusoma peke yake. Nyingi huishia kwenye kubadilisha kichwa, kutoka kemia kwenda insha, kutoka insha kwenda historia, na kila akirudi kwenye somo anakuta limepoa. Akipungukiwa muda huchagua moja la kulitosa. Mara nyingi hulitosa lile gumu, yaani hesabu, ambalo ndilo lililoshikilia mlango wa masomo yake yote ya mwaka wa pili.

Halafu kuna ajali. Tuchukue mwanafunzi ambaye gari lake limekufa injini wiki ya 10 na hana la pili, katika mji usio na mabasi ya maana. Kwenye muhula wa wiki 16, wakati huo ana masomo manne yaliyoko katikati. Hakuna hata moja lililokamilika. Akiondoka, anaondoka na krediti sifuri, ada imekwenda, na rekodi yake inaonyesha krediti 12 alizojaribu na sifuri alizopata. Rekodi hiyo si mapambo. Ili mtu aendelee kupata ruzuku ya Pell, ambayo ni fedha ya serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini, chuo hutazama kama anapiga hatua ya kuridhisha, na kipimo kilichozoeleka ni kufaulu walau asilimia 67 ya krediti alizojaribu, pamoja na wastani wa alama wa C. Sifuri kati ya 12 ni shimo ambalo atalifukia kwa mwaka mzima, kama atarudi.

Kwenye nusu muhula, gari hilohilo likifa wiki hiyohiyo ya 10, masomo mawili yalikwisha wiki mbili zilizopita. Krediti 6 ziko mfukoni, hazichukuliwi na mtu. Anapoteza mawili tu aliyoyaanza juzi. Bado hajafikia asilimia 67, na ataonywa. Lakini kupata onyo ukiwa na krediti 6 si sawa na kulipata ukiwa huna kitu. Tena anayerudi hangoji mwaka. Kalenda ya Odessa ina milango Agosti, Oktoba, Januari na Machi, hapo hujataja kiangazi. Msomaji wa Kenya anayejua kwamba vyuo vya ufundi hupokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba atashangaa kwamba hili linahesabiwa kuwa jipya, na ana haki ya kushangaa. Kwa Texas lilikuwa jipya. Aliyefukuzwa kazi ya mafuta mwishoni mwa Septemba alikuwa akiambiwa arudi Januari, na kufika Januari ameshapata kazi nyingine au amehama mji.

Hadi hapo hesabu ni nzuri. Kuna upande wa pili, nao hausemwi sana na wanaouza wazo hili.

Wiki moja ikipotea kwenye muhula wa wiki 16, umekosa sehemu moja ya 16. Ikipotea kwenye nusu muhula, umekosa sehemu moja ya 8, na katika somo la hesabu sehemu hiyo ndiyo msingi wa ile inayofuata. Mtoto akishikwa na mafua Jumatatu, mama naye akayapata na kupona Ijumaa, sura nzima imepita. Kwa hiyo muhula mfupi humlinda mwanafunzi dhidi ya ajali kubwa na kumweka wazi zaidi mbele ya ajali ndogo. Chuo kisicholijua hili hubadilisha kalenda, kisha hushangaa kuona watu wale wale wakifeli kwa kasi zaidi.

Dawa yake iko kwenye mambo ya kiofisi ambayo hakuna anayependa kuyaandikia hotuba. Kitabu lazima kiwe mkononi siku ya kwanza. Kwenye muhula mrefu, mwanafunzi anayengoja fedha ya ruzuku ili anunue kitabu anaweza kukipata wiki ya tatu na bado akanusurika. Kwenye nusu muhula, wiki ya tatu ni karibu na mtihani wa kati. Kujisajili kwa kuchelewa, ambako vyuo hivi vilikuruhusu kwa huruma, kunageuka ukatili. Mkufunzi anayerudisha insha baada ya siku 12 anakuwa hamsaidii mwanafunzi, maana insha ya pili inatakiwa kabla ya hapo. Na mkufunzi wa muda, anayelipwa kwa somo na kufundisha vyuo vitatu, hana nafasi ya kuupanga upya muhtasari wake bila malipo. Chuo kisipomlipa atafanya anachoweza: atachukua mihadhara yake ya wiki 16 na kuisoma haraka.

Kuna masomo ambayo hata yakipangwa vizuri hubana. Anatomia na fiziolojia kwa wauguzi watarajiwa ni mojawapo, kwa kuwa wingi wa majina ya kukariri haupungui. Kazi ya maabara inayongoja bakteria waote haitii kalenda ya mtu. Uandishi nao unahitaji siku za kuiacha rasimu ilale. Vyuo vyenye busara huacha masomo machache kwenye wiki 16 na havioni aibu. Lakini hapo pana mtego: mwanafunzi akiwa na somo moja la wiki 16 na mengine ya wiki 8, faida ya kubeba mawili kwa wakati mmoja inavunjika. Mchanganyiko ukizidi, unapata ubaya wa kalenda zote mbili.

Fedha nazo zina kanuni zake. Mwanafunzi wa Pell anayeacha masomo yote kabla ya kupita asilimia 60 ya muhula huhesabiwa kuwa hakuistahili sehemu ya fedha. Chuo huirudisha serikalini, na mara nyingi hugeuka kumdai yeye. Muhula ukigawanyika vipande viwili, hesabu hiyo inakuwa na vijitundu. Anayeacha masomo ya kipande cha kwanza akikusudia kurudi kwenye cha pili anatakiwa athibitishe hivyo kwa maandishi, la sivyo anahesabiwa kuwa ameondoka. Karatasi moja, ambayo mtu mwenye mgonjwa nyumbani hana habari nayo. Kwa aliyeko Marekani kwa viza ya F-1 hatari ni kubwa zaidi: anatakiwa kubeba krediti 12 kwa muhula, nusu zote mbili zikihesabiwa pamoja, na katika hizo somo moja tu la mtandaoni la krediti 3 ndilo linalokubaliwa. Akiacha somo la nusu ya pili bila idhini ya ofisa wa wanafunzi wa kigeni, anaweza kuipoteza hadhi yake ya uhamiaji mwezi Novemba kwa uamuzi alioona ni mdogo.

Kwa upande wa kiangazi kanuni imekuwa rafiki zaidi. Ruzuku ya Pell ya mwaka mzima ilianza mwaka wa masomo 2009–10, ikafutwa mwaka 2011 kwa sababu ya gharama, kisha Bunge likairudisha mwaka 2017, na mwanafunzi akaweza kupata hadi asilimia 150 ya ruzuku yake ya mwaka. Kabla ya hapo, chuo kingeweza kufungua madarasa mazuri mwezi Juni na maskini wasiweze kuingia. Kwangu hili ni badiliko kubwa la kalenda kuliko mengi yanayoitwa hivyo, ingawa halikugusa tarehe hata moja.

Je, ushahidi unasemaje? Odessa ilisifiwa sana, na ilistahili. Ila chuo hicho hakikuanza na kalenda. Miaka kadhaa kabla ya 2014, wakuu wake walichunguza kwa nini madarasa ya wakufunzi fulani yalikuwa hayakimbiwi na wanafunzi, wakakuta hakuna uchawi: wakufunzi hao waliwajua wanafunzi kwa majina mapema, walikaa na kila mmoja ana kwa ana, walifuatilia nani ameanza kuteleza, na walikuwa wakali wenye kuelewa. Chuo kikawaomba wakufunzi wote wafanye hivyo, na idadi ya wanaoacha masomo ikashuka. Kalenda ya wiki 8 ilipandwa kwenye udongo ambao tayari ulikuwa umelimwa. Ukitaka kujua wiki 8 peke yake zilifanya nini pale, hutaweza kuzitenganisha na mengine. Amarillo vilevile: chuo hicho, kilichoshinda Tuzo ya Aspen ya vyuo vya jamii ya mwaka 2023 kwa pamoja na Imperial Valley College ya California, kilikuwa kimejenga kituo cha kuwasaidia wanafunzi chakula, kodi ya nyumba na usafiri. Mwanafunzi ambaye gari lake limekufa wiki ya 10 alikuwa na mahali pa kwenda.

Utafiti wa madarasa mafupi kwa jumla una tatizo la aina yake. Mara nyingi waliosoma kwa wiki 8 hufaulu zaidi ya waliosoma kwa wiki 16, lakini pale ambapo mwanafunzi anachagua mwenyewe, anayechagua darasa la kasi huenda ni yule aliyejiamini tangu mwanzo. Ndiyo maana mfano unaonivutia zaidi unatoka kwenye vyuo vikuu, na ulikwenda upande wa pili kabisa. Wachumi Valerie Bostwick, Stefanie Fischer na Matthew Lang walichunguza vyuo vya Marekani vilivyoacha mfumo wa robo mwaka, wenye vipindi vya wiki kama 10, na kuhamia mihula ya wiki kama 15. Ohio ilifanya hivyo mwaka 2012 kwa vyuo vikuu vyake vya umma vilivyokuwa bado kwenye robo mwaka. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalionyesha kwamba kuhamia muhula mrefu kulipunguza idadi ya wanaohitimu kwa wakati. Alama zilishuka, wengi walipunguza masomo wanayobeba, na uamuzi wa fani ya kusomea ukachelewa.

Walioitetea mihula walikuwa na sababu za kueleweka: kulingana na vyuo vya jimbo zima ili kuhama kuwe rahisi, na kumpa mwanafunzi muda wa kuzama kwenye somo. Lakini muhula ulileta masomo matano kwa mara moja pale palipokuwa na matatu au manne, na aliyekosea kuchagua somo alichelewa kugundua na kuchelewa kulirekebisha. Ni mantiki ileile ya Odessa ikisomwa kinyumenyume, na ndiyo inayonifanya niamini kwamba wingi wa masomo kwa wakati mmoja ndio mzizi, huku idadi ya wiki ikiwa njia mojawapo tu ya kuufikia.

Kwa kigezo hicho, mageuzi mengine ya kalenda yanaonekana membamba. California ina kanuni ya siku 175 za masomo kwa mwaka, ambazo kimapokeo hugawanywa kwenye mihula miwili ya wiki 17 na nusu. Vyuo vingi vya jamii vya jimbo hilo vimeomba na kupewa kibali cha kubana hadi wiki 16. Somo la krediti 3 lenye saa 54 za darasani linatoka kwenye saa 3 na dakika chache kwa wiki kwenda saa 3 na zaidi ya dakika 20. Wiki zinazookolewa hutumika kuunda kipindi kifupi cha majira ya baridi, kama kile cha wiki 6 cha Santa Monica College. Kuna faida: anayehitaji somo moja ili ahamie chuo kikuu hulipata Januari badala ya kungoja. Ila mwanafunzi bado anabeba masomo manne kwa pamoja, na ajali ya wiki ya 10 bado inayafagia yote manne. Ni kalenda iliyopunguzwa kiuno tu.

Kuna jambo moja dogo ambalo halihitaji utafiti. Likizo ya Machi ya chuo ikiangukia wiki tofauti na likizo ya shule za msingi za mji huohuo, mzazi anakuwa na wiki ambayo watoto wako nyumbani na yeye ana darasa. Kuoanisha tarehe hizo mbili kunahitaji simu moja kwa ofisi ya shule za wilaya. Kwenye nusu muhula wiki hiyo moja ni sehemu ya 8 ya somo, kwa hiyo simu hiyo ina thamani kubwa kuliko ilivyokuwa.

Na kuna jambo la katikati ya Oktoba. Muhula unapokatwa, kiungo kipya kinazaliwa kati ya wiki ya 8 na ya 9, na mwanafunzi anaweza kuangukia hapo. Chuo kinachomwambia aje tena kujisajili, apange foleni kwa mshauri, aangalie kama darasa lina nafasi, kimeongeza mlango wa kutokea ambao haukuwepo. Mwenye masomo manne mwezi Agosti alikuwa amefungwa nayo hadi Desemba. Huyu wa mawili amemaliza, amechoka, na hakuna kinachomngoja. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya ofisi ya usajili ni kumwandikisha masomo yote manne mwezi Agosti, mawili ya sasa na mawili ya baadaye, ruzuku ikiwa imepangwa kwa yote na saa za darasa zikibaki zilezile, ili aliyekwisha kukubaliana na bosi wake kuhusu Jumanne na Alhamisi asilazimike kuanza kuomba upya. Vyuo vinavyopanga ratiba ya mwaka mzima na kuitangaza mapema huliweza hili. Vile ambavyo bado vinatangaza ratiba ya Oktoba mwezi Septemba vingefanya vyema kuanza na hilo kabla ya kugusa wiki hata moja.